Siku Nilipoteremshwa Kama Injini

Watu wa nyumbani Kitale hawajui, na mkiwaambia nitakana, lakini hapa Katwe kwa mafundi wa vyuma kuna wanaume wazima hadi leo wakiniona wanatazama chini wasicheke, na siwalaumu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Nilikuwa nimekodi stoo ya zamani ya kahawa, kuta nene, bati juu, mlango wa chuma wa kuingiza lori, nikaamua kuigeuza nyumba: chini sebule na jiko, juu sakafu ya mbao kwenye mihimili ya chuma, ndiyo chumba cha kulala. Prossy, mchumba wangu, aliipenda. Mama yake hakuipenda hata kabla ya kuiona (binti yake alale palipolala magunia?), akasema atakuja kuiangalia kwa macho yake, na asiporidhika habari ya ndoa isimame. Sasa, kwa Waganda mkwe mwanamume na mama mkwe hawasogeleani, wala mkono hawapeani, na Prossy alishanieleza hilo mpaka nikalikariri, kwa hiyo tukapanga Jumamosi saa tisa mimi nisiwepo kabisa, yeye ndiye awatembeze mama yake na shangazi yake.

Saa sita ngazi ya chuma ilikuwa bado. Tulikuwa tunapandia ngazi ya mbao tuliyoazima kwa jirani, na mimi niko juu napaka sakafu vanishi, nimevaa kaptura iliyochanika nyuma (nilijua imechanika, nikasema nani ataniona), mara umeme ukakatika. Fundi wangu, Salongo, baba wa mapacha, akaniita kutoka chini kwa adabu ya Kiganda.

"Sebo, jirani anataka ngazi yake kidogo. Mimi naenda chomelea hii ngazi ya chuma kwa mwenye jenereta, naludi nayo saa hii. Unashuka?"

Nilikuwa nimebakiza kona moja. Nikamwambia aende tu.

Hata nusu saa haikuisha nikasikia gari, halafu sauti za wanawake. Walikuwa wametoka mazishini Kasubi, yakaisha mapema, wakaona wapitie moja kwa moja. Mama mkwe, Prossy, na shangazi yake Prossy, ambaye wote tunamwita Ssenga, mjane wa polisi aliyeishi miaka na miaka kwenye nyumba za polisi Nsambya, Kiswahili cha polisi anakijua kuliko mimi. Ningeweza kukohoa, nikasema niko hapa, nisameheni, ngazi imeenda. Badala yake nikalala kifudifudi, nikanyamaza, nikijiambia watatazama na kuondoka. Ile vanishi ilikuwa mbichi.

Mwanzo walikuwa wanasifu kuta. Kisha Prossy akanipigia simu, nadhani anionye nisije, na simu yangu ikalia dirishani, kule juu, ng'ambo ya sakafu mbichi, ikalia mpaka ikakata, akapiga tena. Prossy akaniita jina, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya tatu sauti ikitetemeka, na kila nilipotaka kuitika niliona nimeshachelewa, nitaanzaje sasa? Ssenga akasema hewa ya rangi huua mtu, na ngazi hakuna, huyu amezimia huko juu. Hapo nikamsikia mama mkwe akianza kulia, kilio cha msibani, maana machozi ya Kasubi hayakuwa yamekauka. Ssenga akatoka nje.

"Vijana, njooni. Huku juu kuna mtu iko anakufa."

Walikuja wanaume wengi, na nyundo zao mkononi. Mmoja akapanda kwa mnyororo wa kuinulia injini, tuliopandishia mbao, uliokuwa unaning'inia kwenye mhimili, akanifikia, akaniinamia. Naapa huo ndio ulikuwa mlango wangu wa mwisho. Nikafumba macho.

"Anapumua," akasema, akanibandua kwenye mbao kama chapati iliyoshika chini, akanifunga magunia kiunoni, akanitundika kwenye mnyororo, wenzake wa chini wakaanza kunishusha. Katikati mnyororo ukakwama. Nikaning'inia pale, uso chini, nazunguka polepole, nyuma kaptura iko wazi, na kila nikizunguka nasikia kilio kinakaribia, kinaenda mbali, kinakaribia. Nilipofungua jicho moja nilimwona mama mkwe hatua mbili tu kutoka kwangu, amejifunika uso kwa mshipi wa gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda. Salongo naye ndiyo anaingia na ngazi ya chuma begani.

Waliponiweka chini mtu akaita bodaboda anikimbize hospitali. Nikalazimika kusema mimi ni mzima.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Ssenga akainama karibu yangu.

"Ulikuwa unatusikia tukilia?"

Nikasema nilikuwa nasikia.

Mama mkwe akasema maneno machache ya Kiganda, akiitazama sakafu, akatoka. Prossy alinitafsiria bila kuniangalia usoni: nyumba haina ubaya wowote, ubaya ni mtu anayeacha watu wamlilie na yuko hai.

Ilinichukua miezi kuomba msamaha kupitia kwa Ssenga, kwenda na kurudi, mpaka mama akalegea. Tunaishi mle sasa, na ngazi ni ya chuma, imechomelewa kwenye mihimili. Lakini nilichojifunza hakihusu ngazi. Siku hizi nikikwama naita watu mapema, hata kama nimevaa vibaya.