Mlango wa Magunia

Jumamosi ile mkutano ulihusu kilimo cha mtama, na ukumbi wa mji wa Singida ulijaa watu mpaka barazani. Nilikaa benchi la nyuma na Mkumbo, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuja kutoka Ulemo kuishi kwetu na kuuza chumvi sokoni. Katibu alikuwa ameanza kusema asubuhi na hakuwa na dalili ya kuchoka.

Ukumbi ule waliujenga Waingereza kati ya vita vile viwili vikubwa, kwa mawe yaliyopasuliwa kwenye miamba yetu wenyewe. Mbele una matao matano. Unene wa kuta zake ni urefu wa mkono wangu, toka bega hadi vidole. Madirisha yako juu, karibu na paa, ili joto lipate pa kutokea. Mwanga huingia umeinama na kutua polepole kwenye sakafu nyekundu ya saruji. Mwisho kuna jukwaa la mbao. Sauti ya anayesimama pale hupanda, hugota darini, hurudi imenenepa, hata karani mwenye kikohozi akasikika kama mkuu wa wilaya.

Baada ya uhuru, chama cha ushirika kilipoanza kuhifadhi mahindi mle, fundi alitoboa ukuta wa nyuma, kushoto mwa jukwaa, akaweka mlango mwembamba ili wabebaji wasikatize mikutano. Tuliuita mlango wa magunia. Vijana tulikuwa na matumizi yetu.

"Binamu," Mkumbo akaninong'oneza, "hotuba hii nakuachia. Wewe una masikio makubwa."

"Na wewe una miguu ya mwizi."

Aliinama kama mtu aliyeangusha kitu, akapita ubavuni mwa ukuta, akapenya mlango wa magunia. Katibu alipoinua macho, Mkumbo alikuwa nje anatafuna hindi la kuchoma.

Vita ya Kagera ilipoanza, mgambo tulikusanywa humohumo. Shangazi alitoka Ulemo kuja kutuaga. Alisimama chini ya tao la kati, akashika mkono wangu, si wa mwanawe.

"Wewe ndiye uliyetulia," aliniambia. "Nirudishie huyu."

"Mama, kwani mimi mbuzi?" Mkumbo alisema, na wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Shangazi hakucheka.

Tulivuka mto Kagera, tukaenda na mvua majuma mengi. Tulizoea vitu ambavyo mtu hapaswi kuvizoea. Kisha tukafika mji mdogo ambao jina lake silitaji hata leo. Tuliambiwa askari wa nduli tuliyekwenda kumpiga wameshaukimbia, na sisi wachache tukatumwa kukagua jengo lililo mkabala na soko.

Lilikuwa na matao matano.

Nilisimama katikati ya barabara. Madirisha yalikuwa juu, karibu na paa. Baraza lilikuwa lilelile, na tulipoingia ndani, sakafu ilikuwa nyekundu. Waingereza walikuwa wamechora mchoro mmoja na kuutumia kote walikotawala. Wakati ule sikuwaza hivyo. Nilihisi tu kifua kinalegea.

"Binamu, tumefika nyumbani," Mkumbo alisema. "Amebaki katibu tu."

Sauti yake ilipanda darini, ikarudi imenenepa.

Risasi zilitoka sokoni. Zilipita kwenye matao, zikaingia mlango mkuu. Wenzetu wawili walianguka pale pale.

"Nyuma!" Mkumbo alipiga kelele. "Kushoto!"

Nilijua anachosema. Wenzetu wengine walilala chini. Sisi wawili tulikimbia.

Nilijikwaa kwenye ngazi ya jukwaa, nikaangukia nyuma ya mbao.

Yeye alifika.

Nilimwona akipapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, juu, chini, juu tena. Lilikuwa jiwe tupu. Fundi wetu hakuwahi kufika mji ule.

Aligeuka kunitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuuliza jambo dogo.

Tulimzika nyuma ya jengo, upande wa nje wa ukuta huohuo.

Vita ilipokwisha nilikwenda Ulemo peke yangu. Shangazi alikuwa anapepeta mtama uani. Habari ilikwisha kumfikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuacha kupepeta. "Alikuwa wapi?"

Nilimweleza yote: ukumbi, mlango ambao haukuwepo, viganja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huo mji, mliuteka?"

"Tuliuteka."

"Una nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa kitu kikubwa. "Una soko. Una huo ukumbi. Una barabara inayopita katikati."

"Na watu?"

"Walirudi tulipokuwa bado pale. Mama mmoja alifagia ukumbi, akaosha sakafu."

Shangazi aliweka ungo chini, akatazama mikono yake iliyojaa vumbi la makapi.

"Aliosha vizuri?"

"Vizuri, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niingie ndani nile.