Majani Aliyoyachuma Mzee Qiao

Kwa miaka ishirini na tisa Qiao Suyun alikuwa akipanda na kushuka mashamba ya milimani kule Tianshui, na miaka yote hiyo alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: jani la kwanza. Theluji ikishayeyuka na ngano iliyolala tangu vuli ikianza kunyoosha shingo, yeye hupiga magoti kwenye udongo baridi, akafunua majani ya chini kwa vidole viwili, kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Jani lenye kutu, ule ugonjwa wa ngano, lina mistari ya unga wa manjano, imenyooka kama mshono wa cherehani. Ukiliona moja, unapulizia dawa kulizunguka siku ileile. Ukilikosa, baada ya wiki mbili tatu upepo umekwisha kuupeleka unga ule bonde zima.

Mumewe humtania kuwa amepigia ngano magoti mengi kuliko watawa wa hekaluni. Wanakijiji walimwita Daktari wa Ngano, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, hasa kila vuli alipopita nyumba kwa nyumba kuwasihi wasipande mapema. Ngano inayowahi kuota ndiyo inayoupokea ugonjwa unaposhuka kutoka vilele vya juu, ambako hujificha kiangazi chote. Walinung'unika, lakini mwishowe wakamsikiliza. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, naye ni baba yake.

Mzee Qiao Mantang alikuwa na miaka themanini na moja, na shamba moja jembamba kuliko yote, juu kabisa mlimani. Alilipanda kama mkewe alivyolipanda enzi za uhai wake: siku kumi kabla ya watu wote, kwa mbegu ya zamani ya ngano ndefu ambayo mama huyo alikuja nayo alipoolewa. Unga wa ngano ile ulitoa tambi zisizokatika. Mama alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Suyun alimkanya baba yake mara moja. Mzee akamjibu kwamba lile ni shamba la mama yake, na hawakulizungumza tena.

Mwaka huo, mwisho wa Machi, Suyun alilikagua shamba hilo mara mbili kwa wiki na hakuona doa. Lilikuwa safi mno. Majani ya chini hayakuwapo, akadhani yameliwa na sungura. Alipokwenda mara ya tatu aliingia kwa baba yake adhuhuri, wakakaa kula tambi za mchuzi wa mboga zilizochachushwa. Mzee alipoinua bakuli, Suyun akaona unga wa manjano kwenye mkono wa koti lake.

"Nini hicho, Baba?"

"Chavua. Nilipita kwenye haradali ya Pei."

Haradali ya Pei, jirani yao, ilikuwa haijachanua. Suyun alikuwa ameipita asubuhi ileile. Alimshika baba yake mkono, akasugua upindo wa koti kwa kidole gumba, na kidole kikageuka rangi ya chungwa. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, na mzee akamwacha, ametazama pembeni kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mfukoni mlikuwa na majani ya ngano yaliyosokotwa.

"Tangu lini?"

"Siku kumi na mbili."

Akaeleza polepole. Alikuwa amelipata jani la kwanza kabla ya bintiye. Alikuwa amesikia kwamba upande wa pili wa mlima ngano iliyougua ililimwa ikafukiwa yote, naye akaiogopea ile mbegu, kwani nyingine hakuwa nayo. Tena hakutaka jina la kwanza kwenye daftari la bintiye la ugonjwa liwe la baba wa yule aliyewakemea wengine wote. Basi kila alfajiri alipiga magoti, akachuma majani yenye mistari moja moja, akayachoma katika jiko linalopasha joto kitanda chake cha udongo. Akirudi nyumbani alipitia mashamba ya Pei, kwa kuwa miguu yake haikuiweza tena njia ya mkato, na koti lile lenye unga likipangusa ngano yenye umande.

"Nilikuwa nakupunguzia kazi, Yun," alisema.

Suyun alitafuta hasira, asiipate. Alichokipata kilikuwa swali. "Umeyaonaje, na macho yako hayo hafifu?"

"Sikuyaona. Niliyapapasa. Jani gonjwa lina mikwaruzo, kama ulimi wa paka." Akaweka bakuli chini. "Utaling'oa shamba?"

"Sing'oi. Nitalipulizia dawa leo, na la Baba mdogo Pei pia. Lakini nitaliandika, Baba. Litakuwa la kwanza."

Mzee aliutazama mchuzi wake mpaka ukapoa.

"Liandike kwa jina langu," alisema. "Usiandike la mama yako."

Walikwenda kwa Pei pamoja, na mzee akasema mwenyewe, bila kuzunguka. Pei aliwatazama wote wawili, akatema ganda la mbegu ya alizeti. "Binti anazima moto mlimani, baba anapita nyuma yake na kiberiti. Familia yenu haikosi kazi, kaka." Kisha akaenda kuwachotea maji ya kuchanganyia dawa.

Upepo ulikuwa umetulia. Suyun alibeba bomba la dawa mgongoni, akaanza na shamba la juu. Mzee, aliyevuliwa koti kwa lazima, alisimama ukingoni na kumwelekeza kwa sauti, maana alikuwa anakumbuka kila mahali alipochuma. Mbele kidogo. Kushoto. Hapo. Suyun aliinama kila alipoambiwa, akafunua, akaikuta mistari michache iliyokuwa imechipua upya, akapulizia. Hakuna mahali ambapo mzee alikosea.

Walipofika mwisho wa shamba, mzee alimwambia asogee mpaka kwenye jiwe. Suyun akainama, akafunua, akatafuta. Majani yalikuwa mazima.

"Hapa hapana ugonjwa, Baba."

"Najua. Hapo ndipo mama yako alipokuwa akikaa kupumzika. Pulizia na hapo."

Suyun akapulizia.