Maneno niliyoandika uvunguni mwa kitanda cha mtoto, Keko, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu. Mnaonizidi umri, kama mpo, shikamooni. Haya yalinikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Ilikuwa Keko, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Shule nilishaiacha, nazurura tu. Siku hizo nilikuwa nampigia randa Fundi Salumu, mtengeneza vitanda.

Nikanunua karanga, zimefungwa kwenye karatasi ya kamusi kuukuu ya Kiingereza. Maana za maneno nazo zilikuwa kwa Kiingereza, sikuambulia kitu.

Kilichonivutia ni kwamba maneno yote yalianza na herufi zilezile: wrack, wraith, wrath, wreak, wretch, writhe. Nikachukua chaki ya fundi, nikayapanga moja chini ya jingine kwenye chaga za kitanda, upande wa chini. Nilipenda tu zile w na r zilivyosimama kama nguzo.

Kitanda kikanunuliwa na Shomari, kuli wa bandarini.

Nyie mliozaliwa juzi niwaeleze. Kombe, yaani aya za Kurani, huandikwa kwenye sahani, likaoshwa, mgonjwa akanywa yale maji. Na mchawi naye, watu walisema, ana maandishi yake: herufi zilezile zinajirudia.

Zena, binti wa Shomari, akashikwa na homa kali. Bibi yake alipoinama kufagia uvunguni, akayaona.

Asubuhi wakaja karakana na zile chaga, mtaa mzima nyuma yao.

"Nani kaandika?" Shomari akauliza.

"Mie."

"Yanasema nini?"

Sikujua. Nikasema sijui, na hakuna aliyeniamini.

"Unaandika usichokijua chini ya mtoto wa mwenzio?" bibi akasema taratibu. "Basi yaoshe, uyanywe."

Fundi Salumu akaninong'oneza, "Kunywa, bwana mdogo. Hawa wamekuja na mapanga, hawakuja kununua kabati."

Nikaziosha chaga juu ya bakuli, nikanywa nusu yake. Nikasubiri kuanguka, maana hata mie nilishaanza kuamini.

Sikuanguka. Bibi akalichukua bakuli.

"Kama hayakukudhuru, basi ni dawa. Zena atayamalizia."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Mtoto akifa na chaki yangu tumboni, nimekwisha. Nikadanganya palepale: "Bibi, maandishi ya Kizungu hayafanyi kazi bila sindano ya Kizungu. Hospitali kwanza."

Akanitazama sana. "Twende. Na wewe unakuja."

Nilikaa nje ya wodi, Shomari kanishika ukosi. Zena akapona.

Niliporudi kazini, nikakuta akina mama wamejipanga mbele ya karakana, kila mmoja na sahani. Wa mbele alikuwa na kichanga mgongoni, mtoto anahema kwa shida.

"Mwalimu, na sie tuandikie."

Nilizunguka nyuma ya mbao, nikashika njia ya Mbagala, moja kwa moja.

Miaka mingi baadaye nikapata mtu wa kunitafsiria yale maneno. Mzuka. Ghadhabu. Kujinyonganyonga kwa maumivu. Tangu hapo siandiki neno nisilolijua, hata kwenye vumbi.

Lakini linaloninyima usingizi ni yule kichanga. Sikumwambia mama yake aende hospitali.

Kama humu kuna mtu wa Keko ambaye kwao hadithi hii iliwahi kusimuliwa, aseme kama yule kichanga alipona au la. Hata kama jibu ni baya, liandike tu.