Nyumba Iliyoangukiwa na Kura

Elinaja akibisha mlango hurudi nyuma kidogo, mwenye nyumba asijione kasongwa. Hiyo hakufundishwa na mtu. Alizaliwa Same, akaja London, akalea wazee wa watu miaka mingi hadi mgongo ukagoma. Ndipo akapata kazi ya kuuliza watu wanatumiaje pesa zao: mkate, nauli, kodi ya nyumba, kusuka nywele.

Majibu yake huenda kwa wataalamu wa takwimu. Wao huyajumlisha na mengine: makampuni yamewekeza nini, serikali imetumia nini, nini kimeuzwa nje. Wakishatoa vilivyoagizwa kutoka nje, ndipo linapatikana pato la taifa, ile namba inayotangazwa kwamba uchumi umekua au umesinyaa. Siku ya kutangazwa, Elinaja huongeza sauti ya redio na hataki kusemeshwa.

Mwezi ule alikuwa mashakani. Nyumba nyingi zilimkatalia, na mkuu wake akamwambia wazi: ikikosekana moja tena, mkataba hauongezwi. Kati ya nyumba zilizochaguliwa kwa kura, iliyobaki ilikuwa mtaa wa Kenton, pazia limefungwa mchana kutwa.

Mara ya kwanza alipobisha, alisikia mtu ndani akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili cha pwani. Moyo ukamtua. Akaita kwa furaha, "Hodi! Shikamoo humu ndani! Natoka serikalini!"

Simu ikakatwa. Kisha sauti ya kiume: "Serikali gani yajua lugha yangu? Mmetumwa na Croydon nyinyi!"

Akaelewa amekosea. Yeye mwenyewe aliwahi kungoja barua ya jengo lile la uhamiaji kule Croydon, na mpaka leo, ingawa karatasi zake ziko sawa, bahasha ya kahawia humkausha mate. Akasukuma barua ya maelezo chini ya mlango, akaondoka bila kubishana.

Aliporudi wiki iliyofuata, akabisha, akangoja. Hakufunguliwa. Ila dirisha la juu lilikuwa wazi.

"Huyo hafungui, mama!" Jirani, mzee Chaman, alikuwa akimwagilia maua yake. Alikulia Kisumu, na Kiswahili chake hakijachakaa. "Anafanya kazi usiku, mchana analala kama popo. Njoo kwangu bwana! Chai iko, kachori iko. Mimi nitakwambia mpaka bei ya soksi."

"Asante, mzee wangu. Siwezi."

"Huwezi nini? Nyumba ni nyumba! Andika mimi, nenda nyumbani, pumzika."

Elinaja akaiangalia ile chai kwenye meza ya bustani. Angeweza. Nani angejua?

"Kura imeangukia hapa," akasema. "Nikiandika wanaonikaribisha tu, nchi nzima itaonekana imejaa wazee waliostaafu, wanakula kachori."

Chaman akacheka hadi maji yakamwagikia viatu. "Hiyo ni nchi nzuri sana!"

"Nzuri, lakini ya uongo. Anayefanya kazi usiku akanunua chakula alfajiri, yeye ataonekana wapi? Akikataa nitaandika amekataa. Kwako siji, hata nikifukuzwa kazi."

"Wewe mkaidi kweli!" Akageukia lile dirisha la juu. "Haya, Mahir! Sikia huyu mama!"

Kitasa kikalia. Kijana akatokea na kikoi, macho mekundu kwa usingizi. "Kwa hivyo si mimi mnayenitafuta? Ni nyumba?"

"Ni nyumba, mwanangu. Jina lako nimelisikia sasa hivi kwa mzee huyu."

Mahir akaegemea mlango. "Mimi sinunui kitu. Nusu ya mshahara naituma Lamu kwa mamangu. Hiyo nayo mwaihesabu?"

"Naiandika, lakini haiingii kwenye pato la hapa. Ukinunua mkate hapa, unaingia. Ya mama imekwenda nje ya nchi, haikununua kitu huku."

"Basi nitaonekana bahili!"

"Utaonekana unavyoishi."

Mahir akajikuna kichwa, akacheka kidogo. "Haya. Ingia, mama. Kuandika manunuzi wiki mbili, kama barua yenu ilivyosema, si kazi." Akatoa risiti mfukoni. "Nianze na hii? Mayai, ya alfajiri ya leo."

Elinaja, ambaye mkataba wake ulikuwa umeponea hapo mlangoni, akamrudishia risiti yake.

"Hapana, mwanangu. Kanuni ni kuanza kesho."