Pampu ya Mtu wa Zamu ya Pili

Fundi wa mashine za kukatia magogo hanunui kitu kilichokaa kwenye joto. Marketta, muuza vifaa wa pale Kajaani, amemzoea: kila anachotaka kununua hukisimika kwanza nje kwenye theluji, aone kama kitafanya kazi kwenye baridi, kisha hurudi ndani kunywa kahawa vikombe vitatu bila kuvua kofia. Siku hiyo fundi alitoa nje pampu mbili za grisi za betri, moja moja. Miaka yote alikuwa akizikataa. Ya mkono, husema, unaisikia inapokaza, unajua beringi imeshiba; ya betri itasukuma tu mpaka sili, ule mpira wa kuzuia grisi, ipasuke.

"Leo umesalimu amri, fundi?" Marketta alimtania.

"Si yangu. Ya mtu wa zamu ya pili. Mkono umeanza kumlegea."

Kahawa ilipokwisha alizirudisha ndani, akavaa glovu nene akiivuta kwa meno. Ya kwanza ilikoroma tu, grisi haikutoka. Ya pili ilitoa polepole. Marketta akamshikia beringi kuukuu, naye akainamisha sikio mpaka mlio ukashuka. "Hii angalau inasema ikishiba," alisema. Alikuwa akibonyeza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni tangu aingie; hata kahawa aliinywa kwa kushoto.

Marketta alifungua mkanda wa kuibebea. "Mwenzako ana kimo gani, niupime?"

Fundi akaupitisha begani mwake, pampu ikatulia sawasawa kwenye nyonga.

"Funga hapo hapo," alisema.