Siku Niliyozisugua Valvu za Baba

Nikisikia harufu ya vumbi linaloungua taratibu, narudi Mkuza, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ambacho baba alikigeuza karakana. Si harufu mbaya. Inafanana kidogo na maharage yanayoanza kushika chini ya sufuria, na ilitoka kwenye amplifaya moja kubwa ya zamani iliyoingia kwetu msimu wa masika nilipokuwa darasa la tano. Ilikuwa amplifaya ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kwa ndani na kupata moto kama jiko. Wasomaji waliozoea spika za kubeba mkononi watadhani natia chumvi, lakini mtambo ule ulishushwa kwenye gari na wanaume wanne, nao walilalamika tangu barabarani mpaka mlangoni. Valvu zake kubwa zilikuwa nane, kila moja ukubwa wa gunzi la hindi. Baba alisema ukumbi mzima ungeweza kucheza kwa sauti yake na nje ya ukumbi watu wakacheza pia.

Aliitoa Kisarawe, kwenye ukumbi wa dansi uliofungwa miaka mingi, ambao popo walikuwa wameufanya makao yao. Mlinzi wa ukumbi alikuwa akiitumia kama meza ya kuwekea birika. Baba aliinunua kwa kiinua mgongo chake chote, na mama hakusema naye siku mbili. Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Baba alikuja Pwani akiwa kijana kutafuta maisha, akayapata kiwandani Zegereni, kwenye kitengo cha kusaga, ambako vumbi lilimwingia kifuani na kukataa kutoka. Daktari alimwambia achague kati ya kazi na pumzi, akachagua pumzi. Ufundi wa redio aliujua tangu ujana. Sasa alikuwa amempata bwana mmoja wa Dar aliyekusanya mitambo ya muziki ya zamani, na walikuwa wameelewana kwa simu: kama amplifaya inaimba na valvu zake ni zile zile za kiwandani, ataichukua, na atamletea baba nyingine za aina hiyo azitengeneze. Hata mimi wa darasa la tano nilielewa. Ikinunuliwa, baba anabaki fundi nyumbani kwake. Isiponunuliwa, anarudi kwenye vumbi.

Masika yale mvua haikutuhurumia. Transfoma, lile pande la chuma lenye uzito kuliko mimi, lilikuwa limenyonya unyevu, na baba alilikausha siku nyingi kando ya jiko la mkaa, akiligeuza upande huu na huu kama mtu anayechoma nyama ya wageni. Alitoa kinyesi cha popo kwa brashi ya viatu. Alikata nyaya zilizoliwa na panya, akalehemu mpya, na moshi wa kulehemu ulipomfikia alikohoa huku ameinua mkono mmoja juu ili asitikise kazi. Valvu alizivuta moja moja, akazifuta kwa pumzi tu na kitambaa laini, akazipanga juu ya gazeti. "Hizi usiguse, Upendo," aliniambia. Hakueleza kwa nini. Baba hakuwa mtu wa kueleza; alidhani akishasema, sababu inajulikana.

Siku alipoiwasha kwa mara ya kwanza, valvu zilianza kuwaka polepole, kwanza mbili, kisha zote, na ile harufu ikajaa nyumba. Spika ilinguruma, halafu ikatoka sauti ya gitaa la dansi kutoka kwenye kaseti ya zamani, nene na ya karibu, mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Alisimama mlangoni akijifanya bado amenuna, mabega yakamsaliti, akaingia kucheza. Sijawahi kuwaona tena wakicheza. Mwenye nyumba ya jirani alikuja kulalamika, akaishia kuomba kaseti irudishwe mwanzo.

Mnunuzi alipanga kuja Jumamosi. Sasa lazima nieleze tabia ya mama. Kwetu mgeni akitarajiwa, vyombo vyote vinasuguliwa kwa majivu na limau, sufuria ndani na nje, mpaka ujione uso, kisha vinaanikwa kwenye kichanja uani ili mgeni akipita aone ni nyumba ya watu. Jumamosi ile mama alitoa hata vyombo ambavyo havijatumika tangu ubatizo wangu. "Mgeni akikuta masizi, aibu ni ya nani?" aliuliza, kama alivyouliza kila mara, nami nikajibu, "Ya kwetu, mama." Baba alikwenda barabara kuu kumpokea mnunuzi. Valvu nane alikuwa amezichomoa na kuziacha mezani juu ya gazeti, kwa sababu mnunuzi alitaka kuzikagua moja moja kwa macho yake.

Niliziona zimechakaa. Kwenye kioo cha kila moja palikuwa na doa jeupe lililofifia, kama ukoko unaoganda ndani ya birika. Nilifikiria mgeni anatoka Dar na kukuta doa. Nilizibeba kwenye beseni, nikachovya nusu limau kwenye majivu, nikasugua. Doa lilitoka kirahisi mno, kama chaki ubaoni. Nilifurahi, naona aibu kuandika, lakini nilifurahi sana. Nilizisuuza, nikazikausha kwa khanga mpya ya mama, nikazipanga kwenye sinia la chai la wageni, zote nane zinameremeta. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachinja kuku. Hakuona.

Baba aliingia na mnunuzi, mwanamume mpole mwenye miwani. Nikawaamkia. Baba aliitikia marahaba, akaangalia sinia, na uso wake ukabaki vile vile isipokuwa mdomo, uliofunguka kidogo na kukaa wazi. Mgeni alichukua valvu ya kwanza akaielekeza dirishani, akaigeuza, akachukua ya pili. Alizipitia zote.

"Fundi, maandishi ya kiwanda yako wapi?"

"Ni zenyewe, mkuu. Ngoja niiwashe uisikie."

Iliimba. Iliimba vizuri kuliko siku ile ya kwanza. Mnunuzi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini na mimi nina watu ninaowauzia, na wao wanaamini maandishi. Hizi sasa ni chupa tu. Nani amezisafisha?"

Mikono yangu nilikuwa nimeificha nyuma, majivu bado kwenye kucha. Baba hakugeuka kunitazama.

"Mimi," alisema.

"Fundi mzima?" Mgeni hakuuliza kwa dharau. Alisikitika kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama alimletea kuku, akala kwa heshima, akashukuru, akaondoka bila amplifaya. Mitambo mingine aliyoahidi haikuja, wala simu zake. Nani atampa kazi fundi anayefuta alama kwa mkono wake? Kabla mvua hazijaisha baba alikuwa amerudi Zegereni.

Sasa mimi ni mwalimu, nimepangiwa Kisarawe, mji ule ule ilikotoka amplifaya. Ukumbi umebomolewa, pana maduka, na kila duka lina spika yake ya Kichina inayopiga kelele; ikiharibika inatupwa. Sufuria zangu zina masizi. Wageni wananitania kwamba nitaolewa na nani, nami nawaachia wacheke. Nikienda Mkuza naikuta amplifaya sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, televisheni juu yake. Baba anakaa kando yake, maana kulala chali hawezi tena. Kifua kinapiga filimbi usikie mpaka uani, na hospitali wametuambia kilichobaki ni kumtunza tu. Ana miaka ambayo wenzake bado wanalima.

Jumapili iliyopita nilipiga moyo konde. Nilimwambia, "Baba, zile valvu nilizisugua mimi." Niliona akitafuta pumzi ya kujibu, nikajuta kumpa kazi hiyo.

"Najua," alisema. Alipumzika. "Mama yako anajua?"

"Hajui. Anaamini ni wewe."

Uani mama alikuwa anasugua sufuria, kwa kuwa mimi ni mgeni sasa. Tulimsikia wote wawili, majivu yakikwaruza chuma, na yeye akiimba.

"Basi asijue," alisema baba, na maneno hayo mawili yalimchukua pumzi mbili.