Ushuhuda wa Katembo

Séraphine alisikia filimbi mbili tu. Doria ya usiku ya mtaa wa Namuwongo ilikuwa na desturi yake: wakifika salama mwisho wa reli, mumewe Katembo hupuliza mara tatu, wanawake wao walale. Usiku huo zilisikika mbili, kisha mbwa, kisha kimya.

Kwa miaka minne wezi walimkimbia Katembo bila yeye kuinua hata fimbo. Walijua alikotoka. Kule Kongo aliwahi kuwa mmoja wa wapiganaji waliojinyunyizia maji ya wazee ili risasi zisiwapate, na Kampala alikuja na chupa ndogo ya maji hayo shingoni. Akiifungua tu, vijana wenye mapanga walitimua mbio mpaka Kabalagala.

Aliyemtaka aiache ni Séraphine mwenyewe. Alichoka kulala kitanda kimoja na chupa ile. Akamlilia mpaka akaokoka. Na kanisani kwao hakuna kuokoka kimyakimya; lazima utoe ushuhuda.

"Sema yote, baba Olivia," alimsukuma. "Mungu asikie."

Katembo akashika kipaza sauti, akaimwaga chupa mbele ya watu, akasema hana nguvu tena ila ya Yesu. Spika zilikuwa juu ya paa. Mungu alisikia. Wezi pia.

Wiki haikuisha, wakaanza kumzomea kutoka ng'ambo ya reli: "Mzee wa maji! Kisima kimekauka?"

Jioni ile, alipokuwa akifunga viatu, Séraphine alimletea kichupa cha maji ya bomba.

"Vaa tu. Hawatajua."

"Mimi nitajua."

"Basi kaa nyumbani. Wako wengine."

Katembo alicheka. "Wengine gani, mwenyekiti wa mtaa na goti lake bovu? Wenzangu walinifuata kwa ajili ya maji. Maji yameisha, niwaache peke yao?" Akachukua tochi, akatoka.

Sasa, filimbi ya tatu ikisubiriwa, Nabalayo, jirani Mkenya anayeuza dukani huko sokoni Kikuubo, alikuwa amekuja kukaa na Séraphine.

"Mama Olivia, labda filimbi imeingia mate."

"Nimemvua nguo mbele ya adui zake."

"Ulimtakia wokovu."

"Nilitaka usingizi, dada. Hivyo tu."

Ndipo ukaja mshindo wa miguu mingi, mizito, inayokwenda pamoja kama ya watu waliobeba kabati. Wakabisha.

"Ni mimi, mwenyekiti."

"Uko naye?"

"Tunaye. Wezi walikuwa saba. Alisimama peke yake na tochi ili sisi tukimbie."

"Anapumua?"

Huko nje mwanamume mmoja akaanza kulia.

"Hapumui, mama. Fungua na ubao wa pili wa mlango. Hapiti kwa mmoja."

Nabalayo aliinuka, Séraphine akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti, akavuta komeo la chini lililoshika kutu, likamchana kidole, likatoka. Akasukuma mbao zote mbili.